Sanduku Lililopanda Meli

Mwanangu Nyambura,

Umeenda Ruring'u kusukwa nywele, baba yako yuko kwa ng'ombe, na wageni wa maombi wameondoka wakaacha vikombe kila mahali. Nimeviosha nusu, vingine nimeviacha. Nimekaa mezani nikuandikie kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu mchana, na nikilisema kwa mdomo nitalisema vibaya.

Ulicheka, mwanangu. Tata Lucy aliposimama baada ya maombi, kikombe cha chai mkononi, akaanza ile hadithi yake ya sanduku langu lililopanda meli likaniacha uwanja wa ndege, wewe ndiwe uliyecheka kuliko wote. Ulicheka hadi ukafuta macho kwa kitambaa cha meza. Sikulaumu. Hadithi inachekesha, na Lucy anajua kuisimulia. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kila mwaka anaongeza kitu. Leo ameongeza kwamba nahodha alilipigia sanduku saluti. Miaka yote hii hakuwahi kutaja nahodha yeyote.

Basi uisikie kwangu, mara moja tu, maana kesho unaianza safari ileile: ndege hadi nchi ya watu, halafu meli. Meli haina subira. Ndege ikichelewa watu hulalamika, wakapewa nyingine, lakini meli ikifika saa yake inaondoka, wewe uwe ndani au uwe nje, na mzigo wako vilevile. Mimi nilikuwa nje.

Unajua kwamba Lucy na mimi ni watoto wa ndugu wawili, ndiyo maana unamwita tata, yaani mama mdogo. Kila mmoja wetu ni binti wa kwanza kwa baba yake, kwa hiyo sote tulipewa jina la nyanya yetu, Wangechi, kama inavyotakiwa, na sote tukaandikishwa jina la babu, Ndiritu. Tulibatizwa Jumapili moja, yeye Lucy, mimi Lydia. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Hapa nyumbani si shida, watu husema Wangechi wa Kariuki na Wangechi wa Gichuki na kila mtu anaelewa. Lakini ndege haimjui Kariuki wala Gichuki. Kwenye ile karatasi ndefu wanayobandika kwenye mkono wa sanduku, sote wawili tulikuwa Ndiritu L. W.

Tulikuwa tukitandika vitanda katika hoteli ya watalii kule juu, karibu na msitu, na siku moja akaja mtu wa wakala akitafuta wasichana wa kwenda kutandika vitanda vya melini. Alituchukua sote wawili. Tukashuka mjini Nyeri, tukaingia duka moja, tukanunua masanduku mawili meusi ya aina moja, kwa sababu mwenye duka alikuwa na hayo tu na tulijiona tumependeza nayo. Tulipokuwa tukitoka dukani Lucy alisema, "Sasa sisi ni mapacha kabisa." Nilifurahi. Nakuambia ukweli, wakati ule nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja.

Kisha akaja babu yako Kariuki, Mungu amweke pema, kunipa wosia. Mzee alikuwa ameibiwa Nairobi zaidi ya mara moja, na habari hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yake yote ya safari. Akaniambia, "Hiyo makaratasi ya meli usiweke kwa handbag. Weka chini kabisa ya sanduku, ndani ya soksi. Nairobi wanakuibia hata kitu umeshika na mikono mbili." Waliokuwepo wote wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatii. Cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na barua ya meli vikaingia ndani ya soksi, soksi ikaingia ndani ya kiatu, kiatu kikawa chini ya nguo zote. Nikafunga kwa kufuli ndogo na kulala usingizi mzuri.

Sisi watu wa huku juu tunamjua mwizi wa aina moja tu, yule anayenyakua mkoba na kukimbia. Hatujui kwamba sanduku linaweza kupotea bila mwizi, kwa mkono wa mtu mwaminifu aliyelipakia kwenye kigari kisicho chake. Kwa hiyo unapoona nimekushonea ule mfuko wa ndani ya begi la mgongoni, mahali pa karatasi, dawa zako za kifua na nguo za kubadilisha, ujue sikushona kwa ajili ya mwizi wa Nairobi.

Lucy naye alisahau karatasi zake. Tulikuwa tayari tumetoka getini aliporudi mbio, akazitoa juu ya kabati, akazisukuma kwenye mkoba pamoja na mandazi ya njiani. Karatasi zake zilifika zina mafuta ya mandazi, lakini zilifika. Hilo limeniuma miaka mingi, kuwa mimi nilipanga na yeye akasahau, na kusahau kwake ndiko kulikomfikisha.

Tulibadilisha ndege katikati ya safari, na muda ulikuwa mfupi hata tukakimbia na viatu mkononi. Mtu akikimbia hivyo, sanduku lake halikimbii naye. Tulipofika tukasimama kwenye ule mkanda unaozungusha mizigo. La Lucy likatokea. Langu sikuliona. Watu wakachukua yao mmoja mmoja, mkanda ukaendelea kuzunguka mtupu, halafu ukasimama.

Dereva wa wakala alikuwa nje na kibao chenye majina yetu. Alituambia kwa upole kwamba meli inaondoka jioni hiyo, na asiye na cheti cha daktari na kitabu cha ubaharia hapandi. Mwenye karatasi aende naye, mwingine angoje sanduku. Lucy akalia, akasema hataniacha. Nikamwambia aende. Nilimwambia mara mbili, Nyambura, na mara zote mbili nilitumaini atakataa.

Nikabaki kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea. Yule mtu wa kaunta aliniuliza sanduku langu lina rangi gani. Nikasema jeusi. Akanifungulia mlango wa chumba cha nyuma nione, na chumba kizima kilikuwa masanduku meusi. Akauliza kipande cha karatasi kinachoonyesha namba ya mzigo. Sikuwa nacho. Tulipokabidhi mizigo Nairobi tulikwenda kaunta pamoja, tukicheka, na vipande vyote viwili vilibandikwa kwenye tiketi ya Lucy. Kwa macho ya ndege, yale masanduku mawili yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ameshaondoka kuelekea bandarini.

Ndivyo ilivyokwenda. Langu lilikuja na ndege iliyofuata, kabla jua halijashuka. Wakalitoa kwa mlango mwingine, wakasoma jina, wakaona mwenye jina anakwenda meli fulani, wakamtuma mtu alikimbize. Walifanya kazi nzuri sana. Mlangoni mwa meli mtu akaita, "Ndiritu L. W.?" na Lucy akaitika, kwani ndilo jina lake. Akalipokea kwa mikono miwili akiamini niko nyuma yake. Akasimama pale akinisubiri hadi wakaondoa ngazi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha chuma kando ya mkanda, nikitazama kila mzigo unaopenya kwenye yale mapazia ya plastiki. Yule mtu wa kaunta akaja anatabasamu. Akaniambia habari njema, sanduku lako limepatikana, liko melini. Nilimshukuru. Mama yangu alinilea vizuri, nikamshukuru mtu yule kabla sijaelewa alichosema.

Nikarudishwa nyumbani na nguo nilizokuwa nimevaa. Wiki nyingi baadaye ikaja bahasha yenye picha. Lucy amesimama kwenye sitaha, nyuma yake mji wa nyumba nyeupe umepanda mlima, naye amevaa sweta langu, lile la rangi ya kahawa lililofumwa na mama yangu. Aliandika nyuma ya picha kwamba ndani ya meli kuna baridi ya mitambo, na kwamba nisamehe, sweta linamkumbusha nyumbani. Mama alipoiona picha alisema, "Angalau sweta imefika." Nilitoka nje nikaenda kukata majani ya ng'ombe kwenye mvua.

Watu hupenda kuniambia kwamba kama ningepanda meli ile nisingeolewa na baba yako na nisingekupata wewe, kwa hiyo nishukuru. Nimesikia hivyo hadi nimechoka. Nakushukuria wewe kila siku, hilo halihitaji kuambiwa. Lakini moyo wa mtu unaweza kutaka vitu viwili, na kile kimoja nilichokosa nakitaka mpaka leo. Nina wivu, mwanangu. Nimekuwa nao tangu kwenye kiti kile cha chuma.

Nilimwonea Lucy wivu aliporudi na masanduku yote mawili, langu likiwa limepangwa vizuri kuliko nilivyolipanga, na soksi bado iko ndani ya kiatu. "Nimekuletea sanduku yako," akasema, kana kwamba nililisahau kwake. Nilimwonea wivu aliporudi melini mara ya pili na ya tatu, na alipojenga, na alipoanza kuamkia watu kwa Kiitaliano pale kanisani. Mimi naendelea kutandika vitanda, sasa katika nyumba ya wageni mjini. Na la kukasirisha zaidi ni kwamba hakunikosea. Angeniibia ningemsamehe zamani. Mtu aliyeitikia jina lake mwenyewe unamsamehe nini?

Na wewe pia nakuonea wivu. Heri ulijue kutoka kwangu. Jana ulipokuwa dukani nilivaa koti lako jeupe la jikoni. Nikafunga vifungo vyote hadi shingoni na kusimama mbele ya kioo. Lilinienea. Nilikaa nalo hadi niliposikia geti, nikalivua na kulipiga pasi tena, ndiyo maana ulilikuta lina joto ukauliza.

Ulipopata kazi hii ya mikate ya melini, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Tata Lucy. Nilikuwa nimesimama karibu nawe, mikono ina unga. Ni haki yake, yeye ndiye aliyekuonyesha wakala na kukupeleka mafunzo. Halafu nikapanda juu ya kiti, nikalishusha lile sanduku langu jeusi kutoka juu ya kabati, nikamwaga njahi, yale maharagwe meusi, zilizokuwemo, nikalifuta vumbi kwa mafuta ya taa. Zipu inafanya kazi. Siku hiyohiyo Lucy akafika na hilo la rangi ya chungwa, gumu, lenye magurudumu manne, akasema, "Hii ndio ya mtoto. Hiyo ya mamako wacha ibebe njahi." Mkacheka. Nami nikacheka kidogo.

Nimekaa nikafikiri, na hata nikifikiri kwa hasira naona yeye ndiye aliye sawa. Mkandani unataka sanduku ambalo halina pacha. Ukiulizwa rangi useme chungwa, na yule mtu asikupeleke chumba cha nyuma. Lucy alikwambia ulipige picha, na karatasi ikishabandikwa upige tena, namba ionekane, fanya. Alibishana na wakala hadi wakakubali ufike bandarini siku moja kabla ya meli kuondoka, ulale, na kama sanduku limechelewa liwe na usiku mzima wa kukufuata. Mimi nisingejua kubishana hivyo. Nilimsikiliza akibishana kwenye simu, na nilitamani mtu angebishana hivyo kwa ajili yangu, kisha nikakumbuka kwamba ndiye aliyekuwa akilia mbele ya dereva yule.

Kuna ushauri wake mmoja nimeukataa na ninaukataa tena. Anataka wewe na Wairimu, yule msichana wa Sagana mnayesafiri naye, mbadilishane nusu ya nguo, zako katika sanduku lake na zake katika lako, ili moja likipotea kila mmoja abaki na cha kuvaa. Kichwa changu kinajua ni ushauri mzuri. Lakini mimi nimewahi kuona sweta langu kwenye mwili wa mtu mwingine mbele ya bahari. Fanyeni mkitaka, ila mfanye mkishafika Sagana, nisione.

Na kipande cha namba ya mzigo kibandikwe kwenye tiketi yako. Hata kama Wairimu yuko mbele yako, hata kama mnacheka, hata kama mtu wa kaunta ana haraka. Mwambie, "Hiki ni changu." Nyinyi majina yenu hayafanani, Mungu ashukuriwe, lakini mwambie hivyo hivyo. Na likikosekana usiondoke pale bila karatasi yenye namba ya madai, na uwatajie jina la meli na mji utakaofuata, maana sanduku linaweza kukufuata bandari hadi bandari. Mimi niliondoka na shukrani tu.

Sasa nifike kwenye gari la kesho la kwenda uwanja wa ndege. Jana uliniuliza kwa nini nimenuna, nikasema kichwa kinauma.

Gari la Lucy ni dogo, unalijua: yeye na baba yako mbele, wewe na mimi nyuma. Sanduku lako linajaza buti. Tukifika Sagana, Wairimu anaingia na lake, kubwa vilevile, na litalazwa kwenye kiti cha nyuma kando yake. Baba yako alisema, "Hiyo moja si ifungwe juu ya gari?" na Lucy akasema hapana, mzigo wa ndege haufungwi juu, kamba ikikatika hapo Kenol njiani hakuna safari. Wote wakanitazama. Kwa hiyo mimi nitawasindikiza hadi Sagana. Hapo nitashuka, na sanduku litakaa mahali pangu.

Ni mara ya pili maishani mwangu sanduku kusafiri mimi nikibaki. Lucy hakuliona hilo, au ameliona akaogopa kulitaja, kwa sababu leo alipofika kwenye hadithi yake hakuthubutu kuligusa. Aliniambia jikoni kwa sauti ya chini, "Lydia, wewe nenda na yeye. Mimi naweza baki. Baba Nyambura aendeshe gari." Nilikuwa nikisuuza vikombe. Kwa muda nilikuwa nimeshakubali, nimeshavaa viatu vya kanisani, nimeshasimama nawe kwenye ile milango ya vioo nikikurekebisha kola. Ndipo nikajiona kwenye kaunta. Baba yako na mimi tumesimama pale, mtu wa kaunta anauliza swali, na sisi tunamshukuru.

Nikamwambia, "Enda wewe. Wewe ndio unajua kuongea na hao watu." Nilimwambia mara mbili, kama zamani. Safari hii sikutumaini atakataa, au nilitumaini kidogo tu.

Kwa hiyo tukifika Sagana usilie sana, kwa sababu Lucy akiona unalia ataanza kupanga upya viti, nami nitakubali. Shuka, nikumbatie, rudi ndani. Nitaangalia gari hadi lipite daraja, kisha nitavuka barabara, ninunue samaki wa kumpikia baba yako akirudi, niende nyumbani.

Limebaki moja, nalo ni lile lililonifanya niache vikombe. Baada ya chai Lucy alikuonyesha kile kidude cha duara alichokitia chini ya bitana ya sanduku, ambacho huonyesha kwenye simu mahali sanduku lilipo. Akainua simu yake juu wageni waone. "Nitakuwa naona sanduku ya mtoto mpaka ikiingia meli. Nikiwa tu kwa kitanda." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe simu yako ni ya kubonyeza. Nitakupigia nikuambie."

Yaani habari za mtoto wangu nitaletewa na mtu mwenye jina langu. Nilisimama, nikasema naenda kuangalia maziwa.

Barua hii nimeiweka katika ule mfuko wa begi la mgongoni, juu ya cheti cha daktari, si ndani ya sanduku. Angalau hilo nimejifunza. Pia nimefungua sanduku la chungwa, nimeweka juu ya nguo zote karatasi yenye jina lako kamili, jina la meli na namba yangu ya simu. Kadi ya nje ina namba ya Lucy, na iache hivyo, yeye anajua Kiingereza cha kwenye simu. Lakini ikichanika, wakilifungua, watanikuta mimi.

Ukifika, Nyambura, nipigie kabla hujaenda mkandani. Usingoje sanduku litokee. Sanduku Lucy ataliona. Mimi nataka kuisikia sauti yako, hata kama ni kusema tu kwamba umefika na miguu imevimba, hata kama salio litaisha katikati ya neno.

Ni mimi mama yako,
Lydia Wangechi Ndiritu.
Lydia, wala si Lucy.